Baba alituachia magari mawili, pesa inatosha moja

Shikamoo Mzee Fundi,

Baba yetu alifariki mwaka jana. Alituachia nyumba ya Wundanyi, shamba la migomba na magari mawili ya zamani. La kwanza ni Volkswagen Beetle 1300 ya 1970, ambayo tangu tukiwa watoto tunaiita Kobe. La pili ni Peugeot 504 GL ya 1976, saluni, injini ya cc 1971. Yote mawili yanawaka.

Mimi ni mwalimu hapa Mombasa, na kila mwezi napanda kumwona mama. Ana miaka 74 na goti linamsumbua. Nikifika ndipo anapopelekwa kliniki na kanisani. Kaka yangu yuko Nairobi. Tukichanga, pesa yetu inatosha kutunza gari moja tu.

Kaka anataka tubaki na Peugeot. Anasema ilishinda Safari Rally na Kobe ni kichezeo. Kuna mnunuzi amekuja nyumbani mara mbili akimtaka Kobe kwa pesa taslimu, na kaka yuko karibu kukubali. Mimi moyo unakataa. Kobe ndiye niliyejifunzia kuendesha. Baba alinifundisha pia kuweka tapeti, yaani nafasi ndogo ya valvu, alfajiri injini ikiwa baridi, kwa filageji, kipimo cha majani membamba ya chuma, aliyoiweka ndani ya kopo la Kimbo. Alikuwa anasema jani la milimita 0.15 lipite kwa kukwaruza kidogo, kama kisu kwenye siagi iliyoganda. Bado naifanya kazi hiyo mwenyewe.

Ila Kobe ana mambo. Mara tatu zilizopita nimekuta valvu ya ekzosti ya silinda ya tatu imekaza, jani halipiti kabisa. Nalegeza, na safari inayofuata nakuta imekaza tena. Fundi mmoja wa Voi alishika puli ya chini akaisukuma na kuivuta, ikagonga ko, ko. Na siku za karibuni nasikia harufu ya petroli ndani ya gari.

Peugeot nayo, tukishapita Mwatate na kuanza kupanda, mshale wa joto unakwenda juu. Tunafika tukiongeza maji kama lita mbili. Chini ya kifuniko cha oili kuna kitu cheupe kama malai ya chai.

Fundi mmoja anasema tubaki na Kobe kwa sababu hana maji, hawezi kuchemsha. Mwingine anasema tuuze Peugeot kwa kuwa spea zake zimekwisha duniani. Mama anasema tumletee lolote linalofika. Tushike lipi?

Binti wa Mwisho, Mombasa

*

Marahaba, binti yangu. Poleni sana kwa msiba.

Kabla ya lolote, Kobe asiwashwe tena hadi mipira yote ya petroli ibadilishwe. Leo, si mwisho wa mwezi. Tangi liko mbele na injini iko nyuma, kwa hiyo petroli inasafiri urefu mzima wa gari. Mpira wa mwisho, unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye kabureta, unapita juu ya injini ya moto, karibu na distribyuta inayotoa cheche. Mpira wa zamani hukauka na kupasuka nyufa ndogo kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Kasha la injini ile ni la magnesi, na magnesi ikishashika moto, maji hayaizimi. Badilisha mpira wa kwenye pampu, wa chini ya tangi na ule wa shingo ya kujazia mafuta, na kila mmoja ufungwe klipu mpya. Ni kazi ya mchana mmoja na bei yake ni ndogo. Nimewaona watu wawili wakiyatazama magari yao yakiungua kando ya barabara kwa sababu ya mpira wa urefu wa kiganja.

Sasa tuje kwenye swali lako.

Kaka yako hajasema uongo kuhusu Safari Rally, lakini amesimulia nusu. Beetle nayo ilishinda, mwaka 1954, 1957 na 1962. Peugeot 504 ilishinda mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, kisha 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Ile ya 1978 ilikuwa Coupé yenye injini ya V6, haifanani na ya baba yenu. Ushindi huo unatuambia kwamba magari yote mawili yalitengenezwa imara kwa barabara mbovu. Hautuambii lipi limpeleke mama yenu kliniki Jumanne ijayo.

Nguvu nitakueleza kwa barabara yenyewe unayopita. Kobe 1300 ana farasi kama 40 na uzito wa kilo mia nane na kitu. Peugeot yenu ina zaidi ya farasi 90 na uzito wa kama kilo 1,200. Mkiwa watu watatu na mkungu wa ndizi, nyuma ya trela kati ya Maungu na Voi, tofauti hiyo unaihisi tumboni. Peugeot ukiirudisha gia ya tatu inatoka na kupita, na nafasi inabaki. Kobe inabidi umwandae kutoka mbali, uache nafasi nyuma ya trela, ukusanye mwendo, na basi likitokea mbele urudi nyuma uanze upya. Kasi ya juu haina maana hapa. Kobe hufika 120 na kidogo, Peugeot hufika 160, na wewe huhitaji hata moja ya hizo. Unachohitaji ni kutoka 60 hadi 90 kabla ya basi kufika.

Kupanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi, Kobe anapanda, hilo sitamnyima. Uzito wa injini umekaa juu ya magurudumu yanayosukuma, ndiyo maana hata kwenye matope anashika vizuri kuliko magari mengi. Ninachokiogopa ni kushuka. Beetle 1300 za miaka ile kwa kawaida zina breki za drum magurudumu yote manne, na drum zikipata moto breki inalegea chini ya mguu wako. Halafu ekseli ya nyuma ya aina ile, ukiingia kona kwa kasi ukashtuka na kuachia mafuta, gurudumu la nje linajikunja kuingia chini ya gari. Wewe unamjua, unashuka na gia ya pili na huna haraka. Lakini je, siku ambayo kaka yako ndiye anayeendesha, au kijana wa jirani aliyeombwa amkimbize mama hospitali usiku wa mvua? Peugeot ina diski mbele na servo ya kusaidia mguu, na kila gurudumu la nyuma linakwenda kivyake bila kubadili mkao wake vibaya. Inamsamehe dereva makosa ambayo Kobe hayasamehi.

Tena milango minne. Mama mwenye goti bovu anakaa mbele au nyuma apendavyo, na zile springi ndefu laini zinameza mashimo. Petroli ndiyo gharama yake. Safari yako ya kama kilomita 200, Kobe mzima hutumia lita 17 hivi, Peugeot kama lita 23.

Nimefikia pale panaponiuma kukwambia.

Yule fundi anayesema Kobe hachemshi kwa sababu hana maji amekupotosha. Kobe anapata joto kama injini yoyote, tofauti ni kwamba hana mshale wa kukuonya. Anapozwa na upepo wa feni na oili lita mbili na nusu tu, oili isiyo na chujio la kubadilisha, ina wavu wa waya peke yake. Ndiyo maana kwa Kobe oili hubadilishwa kila kilomita 5,000 bila mjadala. Na mkanda mmoja ndio unaozungusha feni na dynamo pamoja. Mwaka 1988 niliua injini ya Beetle ya mteja kati ya Taru na Mackinnon Road. Taa nyekundu ya chaji iliwaka, nikajiambia ni dynamo tu, betri itanifikisha Voi. Mkanda ulikuwa umekatika, feni imesimama. Sikufika. Mteja yule alikuwa amenikabidhi gari la marehemu mumewe, na hadi leo nikipita pale naikumbuka sura yake. Taa ile ikiwaka mwendoni, zima injini hapo hapo, hata kama simba wa Tsavo wanakutazama.

Valvu yako ya tatu sasa. Kwenye Beetle za miaka hiyo kipoza oili kimesimama ndani ya njia ya upepo na kuukinga upepo wa silinda ya tatu, kwa hiyo silinda hiyo hupata joto kuliko wenzake. Valvu ya ekzosti ikipata joto kupita kiasi mwaka baada ya mwaka, shina lake linarefuka. Likirefuka, nafasi ya tapeti inapotea. Wewe unailegeza, nalo linarefuka tena. Mwisho wake kichwa cha valvu hukatika na kuangukia pistoni, na hapo hakuna injini tena. Mara tatu mfululizo si bahati mbaya, ni valvu inayoaga. Mafundi wengi wangeilegeza na kukurudishia ufunguo bila kujiuliza. Wewe ulikumbuka na kuhesabu. Baba yako alikufundisha vizuri.

Na ule mlio wa ko, ko kwenye puli ni krankshafti, mhimili mkuu wa injini, inayocheza mbele na nyuma. Kipimo chake halali hakizidi milimita 0.15, unene ule ule wa jani la tapeti zako. Mchezo wa kiasi hicho jicho halioni vizuri, na sikio halisikii mgongano. Ukiusikia, beringi kuu imekwisha na pengine kasha lenyewe limelika. Kushusha injini ya Beetle ni rahisi, inashikwa na bolti nne na fundi mzoefu huishusha chini ya saa moja. Lakini baada ya kuishusha, hii yenu ni ya kufunguliwa yote: kasha kupasuliwa, beringi mpya, hedi, yaani vichwa vya silinda, kwenda kwa fundi wa mashine, valvu mpya. Spea zipo, hilo lisikutishe. Beetle zilitengenezwa Mexico hadi Julai 2003, zaidi ya milioni 21 duniani kote, na vipuri vyake vingi bado vinatolewa vipya. Ni pesa tu, na pesa yenu ni ya gari moja.

Peugeot, kwa dalili ulizonipa, ni mgonjwa wa kutibika. Malai chini ya kifuniko peke yake hayathibitishi kitu, gari la safari fupi asubuhi za baridi za Wundanyi huyapata kwa unyevu tu. Lakini malai pamoja na lita mbili za maji zinazopotea mlimani, hapo namshuku gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na blok. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa fungua kifuniko cha rejeta, washa, tazama. Mapovu yakipanda mfululizo, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Chomoa pia kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiiendeshe hata hadi gereji, ivutwe.

Kabla ya hapo, tazama feni. Feni ya 504 haizunguki muda wote. Inashikwa na sumaku ya umeme ambayo swichi ya joto huiwasha maji yakipata moto, na umeme unaifikia kupitia brashi ndogo ya kaboni. Brashi ikiisha, feni inabaki ikizubaa hata maji yakitokota. Ukisimama Mwatate injini ikiwa moto, feni ikishika utasikia mvumo wake ukibadilika ghafla. Usipousikia, huenda hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia, na gasketi imeharibika kwa sababu yake. Wakibadilisha gasketi wakaiacha feni, mtarudi gereji kabla ya Krismasi.

Hedi ikifunguliwa, simama karibu. Ni ya aluminiamu, ikichemshwa mara nyingi inapinda, kwa hiyo iwekewe rula ya chuma na ikihitajika ipelekwe kunyooshwa kwa mashine. Na kuna jambo moja ambalo fundi asiyezijua Peugeot hulikosea. Silinda zake nne ni slivu, mirija ya chuma iliyosimama ndani ya blok huku maji yakizizunguka, na chini yake kuna sili nyembamba. Hedi ikishaondoka, hakuna kinachozikandamiza. Fundi akizungusha injini hivyo hivyo, slivu inanyanyuka, sili inahama, na maji yanashuka kwenye oili baada ya kazi yote kufungwa. Mwambie azibane slivu kwa bolti na vipande vya bapa kabla hajagusa krankshafti. Akikutazama kama hajawahi kulisikia, tafuta mwingine. Slivu hizo hizo ndizo faida ya injini ile: zikichakaa zinatolewa na kuwekwa nyingine bila kutoboa blok, ndiyo maana 504 nyingi zilifanya teksi za abiria saba kati ya Nairobi na miji ya bara, zikafunguliwa na kufungwa tena na tena.

Spea hazijakwisha duniani. Zilitengenezwa zaidi ya milioni tatu, na nyingine ziliunganishwa hapa hapa Kenya kwa miaka mingi. Gasketi, pampu ya maji, breki na beringi utavipata ukipita Kirinyaga Road, Nairobi, kwa uvumilivu. Kaka yako anayeishi huko apewe kazi hiyo. Vigumu ni taa za mbele zile za pembe na mapambo ya chrome, basi msizigonge.

Kinachoweza kuigeuza hukumu yangu ni kutu. Injini hutengenezwa, bodi iliyooza inakula pesa bila kushiba. Chukua bisibisi. Kwenye Peugeot fungua boneti, bonyeza pale shoki za mbele zinaposhikwa kwa juu, halafu chini ya milango, halafu inua kapeti za miguuni. Kwenye Kobe bonyeza mifereji ya chini ya milango, pale jeki inapoingia, na sakafu iliyo chini ya betri, chini ya kiti cha nyuma. Bisibisi ikizama kwenye minara ya shoki za Peugeot, niandikie tena, tutazungumza upya. Ikigonga chuma, endeleeni. Na litakalobaki lilale Wundanyi unapoweza, chumvi ya Mombasa haina urafiki na bati la miaka ya sabini.

Kwa hiyo, binti yangu, pesa ya mwaka huu iende kwa Peugeot: gasketi, feni, breki, matairi. Najua si jibu ulilolitaka. Kobe ndiye uliyejifunzia, lakini anayekwenda kliniki ni mama, na kwa hali alivyo leo Kobe anaweza kukuacha na mama yako gizani kwenye kona za Mwatate.

Ila yule mnunuzi aambiwe asubiri, na hili kaka yako alisikie vizuri. Gari likiwa bado kwa jina la marehemu, hamna ruhusa ya kuliuza. Sheria ya urithi ya Kenya inafanya kuwa kosa kushughulikia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama, na hata huyo mnunuzi hataweza kulihamisha kwa jina lake kihalali. Fungueni kesi ya mirathi kwanza. Mtu anayekuja mara mbili na pesa mkononi kwa gari ambalo injini inagonga anajua bodi hiyo ina thamani gani.

Huo muda wa mahakama ni wako. Mwinue Kobe juu ya vigogo ndani ya kibanda chenye paa, toa petroli, toa betri, mwekee oili mpya asilale na oili chafu. Akilala hivyo hagharimu kitu. Mirathi ikiisha, utakuwa umejua kama Peugeot imetulia na kama mfukoni kumebaki cha kufungua injini. Ikiwa bado unataka kuishika hiyo kazi kwa mikono yako, nitakuelekeza hatua kwa hatua. Ikiwa hutaki, auzwe kwa mtu atakayemfungua injini, na umweleze wazi habari ya valvu ya tatu.

Lile kopo la Kimbo usilitoe pamoja na gari. Tapeti za Peugeot huwekwa injini ikiwa baridi, 0.10 kwa valvu za kuingiza na 0.25 kwa za ekzosti. Kama jani la 0.25 halimo, chukua la 0.10, ulipandanishe na lile la 0.15 ambalo baba alikuwa akilitumia kwa Kobe.